Hodi za Milimani

Siku hizi safari zimekuwa fupi. Mtu akitoka Korogwe kwa motokaa alfajiri, jua halijapanda sana amekwisha kupita Mombo na kuanza kuupanda mlima. Kabla ya adhuhuri amezuru Vuga na Lushoto. Na usiku ukiingia yumo nyumbani kwake, wala viatu vyake havina vumbi. Wanakwaya, akina mama wa kanisa, wanafunzi pamoja na walimu wao, wote hukodi gari na kwenda kuyatazama makanisa ya zamani na miji ya milimani, kisha hurudi siku ile ile. Jambo hili ni jema, nasi hatuna neno la kulilaumu. Lakini sisi tukaao Mpale, ambao njia ya kushuka Korogwe bado hutufundisha kuuheshimu mlima, tumeona yafaa kuwaandikia wasomaji habari za mahali hapo, ili kila aendaye ajue ni nani aliyefungua mlango hapo kwanza.

Kila mtoto wa kwetu hufundishwa kwamba haingii nyumbani mwa mtu bila kupiga hodi. Akiitikiwa karibu, huingia. Asipoitikiwa baada ya hodi ya tatu, hurudi kwao. Basi, tukiichungua historia ya milima ya Usambara na ya nchi iliyo chini yake, twaona kwamba nyumba za ibada za huku zilianza kwa desturi hiyo hiyo. Mgeni alisimama nje akaomba, na mwenyeji akatoa jibu. Mara nyingi jina la mgeni limeandikwa vitabuni na juu ya mawe, bali la mwenyeji limeachwa. Na tuifuate njia ya motokaa, tukisimama penye milango hiyo mmoja mmoja.

Njia iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya Mombo. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Tangu siku hizo Mombo ndio mlango wa kuingilia milimani. Hapo barabara huiacha nchi tambarare, hupanda kwa kujipinda kandokando ya bonde lenye kina kirefu, hufika Soni penye maporomoko ya maji, kisha hufika Lushoto. Toka Mombo hata Lushoto ni maili 20 hivi tu, lakini mtu hutoka katika joto la mkonge akaingia katika baridi ya misitu, hata aliyesahau koti hujuta.

Watu wengi hupita Soni bila kugeuka, ilhali Vuga haiko mbali na hapo. Asiyejua habari akifika Vuga huona migomba, mashamba na nyumba za watu, akasema, “Hapa hapana kitu.” Kumbe hapo ndipo palipokuwa kiti cha wafalme wa Washambaa. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 18 alitokea mwindaji, jina lake Mbegha, kutoka Ngulu, upande wa Handeni. Jamaa zake walimkataa kwa sababu alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake na silaha zake, akapita nchi ya Wazigua, akapanda milimani. Huko aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, akagawa nyama, nao wenyeji wakampa vyakula vya shambani. Mwisho alimwua simba, na Washambaa wakamfanya mfalme wao. Uzao wake ndio Wakilindi. Angalieni, basi, jinsi alivyoingia: alikuja hana jeshi, ana nyama mkononi, akawatumikia watu kwanza, nao wakampa kiti kwa hiari yao.

Katika uzao huo mkuu kuliko wote alikuwa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala miaka mingi hata alipofariki mwaka 1862. Amri yake ilisikiwa kutoka milimani mpaka karibu na pwani. Kwake alikuja Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza, akitoka Rabai karibu na Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka 1848 alishika njia kwa miguu, akaikata nyika kavu, akaonana na Kimweri mwezi wa Agosti. Hakuwa na askari wa kumtisha mfalme. Aliomba ruhusa ya kuwaleta walimu, na mfalme akamsikiliza akakubali. Mwaka 1852 Krapf alirudi, safari hii kwa njia ya Pangani, akakubaliwa tena. Lakini afya yake ilivunjika, akarudi Ulaya mwaka 1853, wala nyumba haikujengwa. Hivyo mlango ulifunguliwa, na aliyepiga hodi hakupata kuingia.

Tena wageni wa siku hizo hawakuachiwa kulala ndani ya mji wenyewe. Waingereza Burton na Speke, walipofika mwaka 1857, walilazwa nje ya Vuga, maana mji wa mfalme ulikuwa na miiko yake. Mfikirieni mtu aliyetembea siku nyingi kwa miguu, akafika chini ya mji, akaambiwa, “Ngoja hapo.” Naye alingoja. Leo motokaa husimama katikati ya mahali pale pale kwa dakika kumi, watu hupiga picha, wakaondoka bila kumwamkia hata mzee mmoja.

Baada ya Kimweri kufa ndugu walipigana. Semboja, mwanawe, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, aliutaka ufalme kwa nguvu. Vuga ikateketezwa, na watu wengi wakatekwa wakauzwa pwani. Habari hizi ni chungu, lakini asiyezijua hawezi kufahamu yaliyofuata. Maana Wadachi walipokuja kutawala waliikuta nchi iliyochoshwa na vita, nao wakakaza mkono. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, aliyekuwa akitawala Vuga. Mwaka huo huo wamisionari wa Kidachi wakaanza kituo chao Vuga.

Hapa hatuna budi kusema kweli. Hodi ya mwaka 1848 na hodi ya mwaka 1895 si hodi moja. Krapf alipoomba, mfalme aliweza kumwambia, “Sitaki.” Walipoomba hawa wa baadaye, nyuma yao palikuwa na serikali yenye bunduki, ingawa wenyewe hawakuja na bunduki. Tusiwahukumu kwa hilo peke yake, kwa kuwa wengi wao walijifunza Kishambaa vizuri, wakawauguza wagonjwa, wakazikwa huku. Lakini mwenyeji aitikiaye “karibu” hali anaogopa, na mwenyeji aitikiaye kwa moyo mweupe, hao ni wawili mbali mbali. Na historia ya kanisa letu inao wote wawili. Kuificha sehemu moja ni kuwadhulumu wazee wetu. Na watu wa Vuga hawakuishia kuogopa. Mahali pale palikuja kuwa na kiwanda cha kupigia chapa, na vitabu vingi vya Kiswahili vya karne ya 20, vya dini na vya shule, vilitoka vikiwa na jina la Vuga. Mji uliokatazwa wageni ukawa mji wa kuwapelekea wageni maneno.

Ukirudi Soni na kupanda tena, wafika Lushoto. Wadachi waliuita mji huo Wilhelmstal, maana yake bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Walipenda baridi yake, wakajenga maboma na nyumba za mawe zilizokumbusha kwao. Vita vya mwaka 1914 mpaka 1918 vilipokwisha, Kaisari hakuwa na kiti tena, na jina lake likaondoka pamoja naye. Mbele ya Lushoto, kwa njia nyembamba ya milimani, kuna Mlalo. Huko walifika wamisionari Johanssen na Wohlrab mwaka 1891, wakaanza kituo cha kwanza cha Kilutheri katika milima ya Usambara. Nao walipaita Hohenfriedeberg. Mtu akisimama sokoni leo na kuuliza njia ya kwenda Hohenfriedeberg, nani atamwelewa? Lakini akiuliza Mlalo, hata mtoto atamwonyesha. Majina waliyoyatia wageni yamekwenda na wageni. Yale ya wenyeji yamekaa.

Na si majina tu yaliyokaa. Baada ya vita ile Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kidachi, na kwa miaka kadhaa makanisa ya milimani hayakuwa na wachungaji wao wa zamani. Ni nani aliyefungua mlango Jumapili, akawafundisha watoto, akawazika wafu? Ni walimu Washambaa. Walipata mshahara mdogo, na wengine hawakupata kitu, wakashika jembe siku sita na kitabu siku ya saba. Wadachi waliporudi katika miaka ya 1920 na kitu, walilikuta kanisa li hai. Leo Lushoto ndipo makao ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri, na watu huyasifu majengo yake. Mzuru majengo akumbuke kwamba palikuwa na miaka ambayo kanisa hilo lilisimama juu ya mabega ya walimu wa vijijini.

Njia ya pili hushuka kutoka Korogwe kwenda Muheza, na toka hapo si mbali kufika Magila, mahali paitwapo pia Msalabani. Hii ni nchi ya Wabondei, na mwanzo wake umefungamana na Vuga. Chama cha Kiingereza cha UMCA, kilichokuwa na makao yake Unguja, kilimtuma Kasisi Alington mwaka 1867 apande Vuga kumwomba mfalme ruhusa. Mwaka 1868 akaanza kazi Magila, chini ya milima. Haikupita miaka mingi, vita vya Wakilindi vikaitikisa nchi, na kazi ikazorota, hata alipokuja Kasisi Farler mwaka 1875 akaisimamisha tena. Basi hata Magila, inayoonekana leo kuwa na habari yake peke yake, iliombewa mlango wake huko juu Vuga. Kwa hiyo twawashauri wanaotaka kuzuru Magila wazuru Vuga kwanza, ingawa motokaa huona ni karibu zaidi kuanza na Magila.

Magila palikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na katika kazi zake iko moja ambayo twaiona kuwa hazina. Mwislamu mmoja, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyewajua Wakilindi na kukaa nao, aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, tangu Mbegha mpaka siku zake mwenyewe. Kitabu hicho kilipigwa chapa kwa sehemu hapo Msalabani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Tafakarini jambo hilo. Mwandishi ni Mwislamu. Wafalme anaowasimulia hawakuwa Wakristo. Na mtambo ni wa misioni. Hakuna aliyesema, “Habari hizi si zetu.” Kama mtambo ule ungalipiga chapa sala na nyimbo peke yake, leo tungalikuwa maskini wa habari za babu zetu. Hodi ya mwandishi yule iliitikiwa, nasi twala matunda yake hata sasa.

Njia ya tatu haisifiwi sana na wenye magari, maana barabara zake ni za udongo, na mvua ikinyesha tairi huteleza. Ni njia za milima hii ya kwetu ya upande wa Korogwe, na juu yake pako Lutindi. Wamisionari wa Kidachi walianza hapo mwaka 1896 nyumba ya kuwalea watoto waliokombolewa katika utumwa. Wengine wetu tukisikia utumwa twawaza Unguja na majahazi, twasahau kwamba vita vya milimani viliwatoa watoto hapa hapa. Mtoto wa namna hiyo hakuwa na mlango wa kupiga hodi. Jamaa zake walikuwa wamekufa au wameuzwa, wala hakujua kwao ni wapi. Akafunguliwa Lutindi. Watoto walipokua, mwanzoni mwa karne ya 20, nyumba ile ikafanywa kuwa ya kuwatunza wagonjwa wa akili, wakati ambapo katika Afrika ya Mashariki hapakuwa na hospitali yao. Na hata leo Lutindi ni hospitali ya watu hao.

Twaijua tabia ya vijijini. Mtu akipatwa na ugonjwa wa namna hii, wengine husema amerogwa, wengine humfunga kamba, wengine humcheka njiani. Na mwisho mlango hufungwa mbele yake, hata mlango wa nduguze. Kwa miaka mia na zaidi pamekuwa na nyumba juu ya mlima isiyofunga. Kwa maoni yetu, katika mahali patakatifu pote pa nchi hii, hapana papitao Lutindi. Mtu asiende huko kutazama wagonjwa kama atazamavyo maporomoko ya Soni. Aende akiwa na kitu cha kuwapa, aulize kwanza kama wageni wanapokelewa siku hiyo. Akiambiwa hapana, ageuze gari bila kunung'unika.

Wengine watauliza, “Je, kabla ya hawa wote hapakuwa na nyumba za ibada?” Zilikuwako, nasi hatuwezi kuzipita. Mwenye kufika Tanga na aendelee kusini kwa njia ya Pangani, maili 12 hivi, afike Tongoni. Hapo pana magofu ya msikiti na makaburi kama 40, ya karne za 14 na 15, kazi ya mawe na chokaa. Waislamu wa pwani walikuwa wakisali hapo miaka mia nne kabla Krapf hajapanda Vuga. Mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alipopita pwani ya Mtangata, jombo lake moja lilipanda mwamba. Na watu wa pwani wakawaendea kwa mashua wakiwa na machungwa, ambayo Wareno waliyasifu kuwa bora kuliko ya kwao. Mwaka uliofuata, wakati wa kurudi, wakalichoma moto jombo lile lile mbele ya pwani hiyo, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekufa. Hivyo wenyeji walimwitikia mgeni kwa matunda kabla hajapiga hodi. Mkristo akifika Tongoni avue kofia, kwa kuwa yuko mahali walipolala watu waliomcha Mungu.

Sasa tuseme yatupasayo. Safari ya siku moja ina hatari yake, nayo ni kutaka kula sahani zote kwa wakati mmoja. Tumeona magari yakitoka alfajiri yakiwa na majina ya mahali sita katika karatasi; jioni abiria hawawezi kueleza habari ya hata pamoja. Twashauri yafuatayo. Kwanza, chagueni mahali pamoja kwa siku, au pawili kama pana ujamaa, kama Vuga na Mlalo. Pili, tumeni neno mbele kwa mchungaji, au kasisi, au mwenyekiti wa kijiji. Hiyo ndiyo hodi ya siku hizi. Tatu, gari liachwe mbali kidogo, mfike kwa miguu mkiamkia watu njiani. “Onga mshi” ya Kishambaa haimgharimu mtu senti. Nne, mkifika, msiulize tu, “Nani alijenga?” Ulizeni pia, “Nani alitoa uwanja? Nani alichukua mawe? Nani alipika? Nani alikuwa mwalimu wa kwanza, na kaburi lake li wapi?”

Neno hili la nne ndilo zito kuliko yote. Majina ya Krapf, Alington na Johanssen hayapotei. Yamo katika vitabu vya Ulaya, na mtu anaweza kuyasoma hata baada ya miaka mia nyingine. Majina ya walimu wa kwanza wa vijiji vyetu hayamo humo. Mengi yamo katika vichwa vya wazee wa miaka 80 na 90, na kila mwaka mmoja wao hushushwa kaburini pamoja nayo. Utawala wa jadi ulifutwa mwaka 1963, na waliokuwa watu wazima siku hizo, wakaona barazani jinsi mambo yalivyokuwa, wamebaki wachache. Picha ya ukuta yaweza kupigwa mwakani. Mzee hataweza kungoja mpaka mwakani.

Kwa hiyo twawaomba wote waendao, na hasa walimu wenye wanafunzi: kila gari lichukue daftari moja pamoja na kalamu. Mkirudi, majina mliyoyapata yaandikwe kwa wino katika kitabu cha usharika au cha shule, pamoja na jina la mzee aliyeyataja na tarehe. Nasi wa Mpale tutafanya hivyo hivyo kwa kanisa letu na kwa njia yetu, ili atakayekuja kututembelea asipate milango mitupu. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mgeni aulizaye jina la babu wa mwenyeji wake, na kuliandika lisipotee, huyo kweli ameleta uponyaji.